Naomba Hoteli Yako Inirudishie Mke Wangu

Nyumba ya mwisho,
Mtaa wa Nyuma ya Shule.

Kwa Meneja,
Hoteli ya ghorofa nne yenye bustani mbele.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HOTELI YAKO, PAMOJA NA OMBI LA KURUDISHIWA MKE

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba lifti imekubali leo. Mimi ni yule mzee wa suti ya kahawia, chumba namba 31, niliyekaa kwako siku tatu na kuondoka Jumatatu saa nne asubuhi nikiwa na mabegi mawili na mke sifuri. Leo ni siku ya kumi na sita. Mabegi nimeshayafungua. Mke bado uko naye.

Nijieleze kwanza, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivi hivi tu. Nimekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Nimekagua madarasa, vyoo, maktaba, na mara moja ng'ombe wa shule. Walimu wakiniona nashuka kwenye gari walikuwa wakiangusha chaki. Nilistaafu miaka minne iliyopita, lakini ukaguzi wenyewe haukustaafu. Ulinifuata nyumbani, ukaanzia jikoni.

Kwako tulifikaje? Binti yetu wa kwanza ni muuguzi, anafanya kazi mji wa mbali. Alitupigia simu akasema, "Baba, mmetimiza miaka thelathini na tano ya ndoa. Nimewachukulia suti, siku tatu." Nikamshukuru kwa moyo wote, nikamtajia kipimo cha kiuno changu. Nikaongeza kwamba siku tatu ni chache mno, suti nzuri mtu huvaa miaka. Mke wangu akaninyang'anya simu, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanieleza kwamba suti anayoisema mtoto ni chumba cha hoteli chenye sebule yake, jiko lake dogo na roshani yake. Nikamwambia nilikuwa najua. Na ili kuthibitisha kwamba nilikuwa najua, nikaja kwako nimevaa suti. Joto la siku ile bila shaka unalikumbuka.

Sasa naanza. Mkaguzi mwadilifu huandika mazuri na mabaya, wala haongozwi na hasira. Hasira nimeiweka namba sita.

1. Jengo lako limezeeka. Sisemi kwa ubaya. Hata mimi nimezeeka, na mimi pia nimebanduka rangi sehemu ambazo wageni hawazioni. Herufi tatu za jina la hoteli zimedondoka pale juu, kiasi kwamba mgeni anayesoma kwa sauti anaonekana ana kigugumizi. Ngazi zimelika katikati. Sofa ya sebuleni ina springi moja inayompokea mgeni kabla hajapokelewa na wenyeji. Lakini kwa haki: dari ziko juu, vyumba ni vipana, na upepo unaingia roshanini na kutokea dirisha la jikoni bila kuombwa na mtu. Kuta ni nene mno, hata majirani wakigombana husikii neno. Mke wangu alisema hiyo ni hasara. Nilitoa saba kwa kumi, nikapunguza moja kwa ajili ya herufi.

2. Kiyoyozi. Kinanguruma, kinakohoa, kinanyamaza kama kimekata roho, halafu kinashtuka na kuanza upya. Chini yake mmekiwekea ndoo ya bluu. Nilimwambia mke wangu kwamba hakuna binadamu anayeweza kulala na kelele za namna hii. Akanitazama, akasema, "Mimi nimeweza. Miaka thelathini na tano." Kipengele hiki sikukipa alama.

3. Simu ya chumbani. Kadi iliyo kando yake inasema mapokezi ni moja, meneja mbili, dobi tatu, jikoni nne. Mimi nimezijaribu zote. Zote ni jikoni. Nilikupigia wewe kulalamikia kiyoyozi, akapokea mpishi. Mtu mstaarabu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana, mzee, nimekuelewa," na baada ya robo saa tukaletewa mayai. Nikapiga kulalamikia mayai. Tukaletewa mengine. Hadi Jumamosi mchana nilikuwa nimelalamika mara nne na tuna mayai manane, na mke wangu akaniomba nikilalamika tena nitaje na chai.

4. Lifti. Nilikwama humo Jumamosi asubuhi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, pamoja na fundi wako mnayemwita Bwana Subiri. Tulikaa dakika hamsini. Nilizitumia kumweleza umuhimu wa kutengeneza kitu kabla hakijaharibika, katika sehemu tatu na hitimisho. Alinisikiliza kwa heshima. Pa kwenda hakuwa napo. Juu ya mlango kulikuwa na uwazi, na kupitia uwazi ule nikaona viatu vya mke wangu vikishuka ngazi. Vikasimama.

"Ni wewe humo ndani?"

"Ndiyo mimi."

"Unaongea na nani?"

"Na fundi."

"Basi mwache afanye kazi, Baba."

Nikanyamaza. Lifti ikaenda. Bwana Subiri anasema ilikuwa bahati tu, lakini niliona alivyomtazama mke wangu tulipotoka.

5. Hili lilihusu bwawa la kuogelea, ambalo ni la kijani, na chura anayeishi humo. Nimelifuta. Mke wangu alimpenda yule chura.

6. Pazia. Hapa ndipo ilipo kesi yenyewe, na naomba uisome umekaa.

Jumapili alasiri tulikuwa roshanini. Ule mti wa bustani yako umeingiza tawi moja mpaka ndani, tukawa tumelitundikia taulo. Mke wangu amenyoosha miguu juu ya kiti, hana ndala, jambo ambalo nyumbani halifanyi. Mimi nina daftari langu. Nikamsomea ripoti kwa sauti, kipengele kwa kipengele, naye anachangia. Nikisema bafu, tano, yeye anasema, "Hapo umewaonea, maji ya moto yapo, ila yanatokea bomba la baridi." Nikaliongezea moja. Tulicheka, Ndugu Meneja. Nilikuwa sijamchekesha hivyo kwa makusudi tangu binti yetu yuko shule ya msingi. Mwisho nikajumlisha, nikatangaza: hoteli imepata arobaini na moja kwa mia.

Alikuwa bado anatabasamu. Akauliza, "Na mimi je, umenipa ngapi?"

Mtu mwenye akili angecheka. Mtu mwenye akili ya wastani angejifanya amepaliwa na chai. Mimi nilivaa miwani. Nikamuuliza, "Kwa ujumla, au kwa vipengele?"

"Kwa ujumla."

Nikafikiri kwa uaminifu, kama nilivyofanya kazi maisha yangu yote, nikasema, "Sabini na mbili."

Naomba uelewe, wewe kama mtu wa utawala. Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kumpa mtu zaidi ya sabini. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyepata sitini na tisa akalia kwa furaha. Sabini na mbili ni sifa ambayo haikuwahi kutoka kinywani mwangu. Nilikaa pale nikisubiri kushukuriwa.

Akasema, "Na hizo ishirini na nane zimekwenda wapi?"

Nami nikazitaja. Mola anisamehe, nilizitaja. Chumvi, sita. Kuchelewa kutoka kila tunapoalikwa mahali, tano. Kuongea na redio kana kwamba inamsikia, nne. Nilifika kumi na tisa ndipo nikagundua kwamba ninajisikia mwenyewe tu. Yeye alikuwa amevaa ndala. Alikuwa amesimama mbele ya lile pazia zito la sebuleni, ameshika ncha yake ya chini.

"Pindo limeachia," akasema. Akapiga simu kuomba sindano na uzi. Akapokea mpishi, na safari hii sindano ikaja, na uzi wa rangi ileile.

Alishona mpaka jua likazama. Hakuwa amekasirika. Dalili za hasira yake ninazifahamu, nazo hazikuwepo. Alikuwa tu ameondoka akiwa bado chumbani.

7. Wafanyakazi wako hawana kiasi katika kusifu. Jumatatu asubuhi tumeshafunga mabegi, akaja msimamizi wenu wa vyumba, yule mama wa makamo mnayemwita Bi Funguo, kuangalia kama tumeacha kila kitu. Alishika pazia kulivuta, akasimama. Akalipindua. Akasema, "Nani kashona hapa?"

Mke wangu akasema ni yeye, na samahani kama amekosea.

Bi Funguo alitoka mlangoni akaita watu. Walikuja wanne: wawili wa usafi, dobi, na Bwana Subiri, ambaye safari hii hakumwambia mtu asubiri. Wakapiga magoti chini kutazama pindo. "Nyuma ni kama mbele," dobi akasema. "Tazama, hakuna hata fundo." Mke wangu alikuwa amesimama pale anaangalia vidole vyake mwenyewe kama vya mgeni. Amenishonea miaka thelathini na tano, Ndugu Meneja. Suti ile ya kahawia aliyeibana kiuno na kuilegeza, kwa kufuata hali halisi, ni yeye. Sikuwahi hata siku moja kuita mtu aje aone.

Bi Funguo akasema hoteli ina vyumba arobaini, mapazia yote yameachia, na fundi wenu alishaondoka zamani. Ndipo ukafika wewe mwenyewe, ukamkaribisha akae wiki moja. Mke wangu akanigeukia. "Baba, wewe tangulia," akasema. "Nitakuja."

Mimi nilielewa ni jioni ileile.

8. Mmempa chumba chenye dirisha. Hili ndilo baya kuliko yote na sitalisamehe upesi.

Nyumbani alikuwa nacho chumba cha cherehani, kinatazama barabara. Humo alishona sare za nusu ya watoto wa shule nilizokagua. Nimeshawahi kuandika kwenye ripoti, kwa mkono wangu, "Sare nadhifu, zimeshonwa kwa ustadi," bila kujiuliza zimetoka wapi, na zilitoka chumba cha pili kutoka kitandani kwangu. Nilipostaafu nikahitaji ofisi. Cherehani ikaenda stoo, ikafunikwa shuka. Sikumfukuza mtu; nilisema tu kwamba kelele zake zinanikatisha mawazo. Mawazo yenyewe, ukiniuliza leo, sijui yalikuwa yapi.

Ulijuaje wewe kwamba mtu huyu anahitaji dirisha? Umemwona siku tatu. Mimi nimekaa naye maisha. Huoni kwamba unanidhalilisha?

9. Hali ya nyumbani. Sufuria kubwa imeungua. Sufuria ndogo imeungua zaidi. Kifungo cha shati kilitoka nikakibana kwa stepla, nikaenda nacho msibani, na mjane, katikati ya huzuni yake, akaniuliza kama niko salama. Kila asubuhi naisalimia redio. Inanijibu vizuri kuliko nilivyotarajia.

Siku ya tisa nilikuja kumchukua. Hukuwepo, kwa hiyo nakueleza. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ina sehemu nne. Nikapanda ngazi mpaka chumba kile kando ya dobi, nikamkuta amesimama juu ya kiti, kitambaa kimemfunika mabega kama joho, na wale wawili wa usafi wako chini wanajifunza kupinda. Mmoja wao anamwita Mwalimu. Alinitazama, akatabasamu kidogo.

"Karibu, Baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Nikapapasa mfukoni kutafuta hotuba. Akanirushia ncha ya utepe wa kupimia. "Shika hapo. Vuta. Siyo hivyo, utakata. Legeza kidogo. Hapo hapo, usitikisike."

Nilishika utepe kwa muda wa saa mbili. Sikusema hata sehemu moja ya hotuba. Nilikuwa namsikiliza anavyowafundisha wale wasichana. Mmoja alipopinda vibaya, mke wangu hakumwambia amekosea wapi. Alifumua taratibu, akamrudishia, akasema, "Anza tena, mkono wako ni mzuri." Yule msichana akaanza tena, na la pili likawa zuri. Nimetembelea shule mia nne na zaidi, na jambo hilo dogo sikuwahi kulifanya hata mara moja.

Jioni alinisindikiza mpaka getini. Nilitaka kuuliza atarudi lini. Nikauliza kama mapazia yamebaki mengi. "Mengi," akasema, akaninyooshea kola, akarudi ndani.

Nilipofika nyumbani niliamua kutenda. Kesho yake asubuhi nilitoa meza yangu, kabati na mafaili yangu yote kwenye kile chumba, nikaenda stoo kuibeba cherehani. Cherehani ile ni ya chuma. Nilifika nayo katikati ya ukumbi, mgongo ukasema basi. Nililala pale sakafuni karibu yake tangu saa tatu hadi saa sita mchana, tukitazamana, mpaka jirani yangu fundi redio aliposikia nikiita. Akainyanyua yeye kwa mkono mmoja, akaiweka dirishani. Nikaipaka mafuta, nikatunga uzi. Yaani nilijaribu. Tundu la sindano na mimi bado hatujaelewana.

MADAI YANGU

Kutokana na hayo yote, nadai ifuatavyo:

(a) Hoteli yako ifungwe, kwa sababu imepata arobaini na moja.

(b) Kama haiwezekani kufungwa, mapazia yote yaondolewe, wageni waamshwe na jua kama watu wengine.

(c) Bi Funguo na wenzake wakatazwe kusifu kazi ya mke wa mtu mbele ya mumewe, kwani jambo hilo linazua ulinganisho ambao mume hakuja amejiandaa nao.

(d) Kila mgeni wa kiume aliyeoa zaidi ya miaka thelathini anyang'anywe daftari pale mapokezi, kwa usalama wake.

(e) Nirudishiwe mke wangu katika hali ileile mliyompokea. Nimelitafakari dai hili nikaona lina kasoro. Nilipomwona siku ya tisa alikuwa anaimba. Mlipompokea alikuwa haimbi. Kwa hiyo (e) isomeke: nirudishiwe mke wangu, katika hali aliyo nayo sasa, na maelekezo ya matunzo, kwa maandishi.

Nakupa siku saba. Usiponijibu nitaandika kwa wizara inayohusika, na wasiponijibu nitakuja mwenyewe, na sitapanda lifti.

Nisalimie mpishi, mwambie yale mayai yalikuwa mazuri na sasa hivi ningeyahitaji. Nisalimie Bwana Subiri na dobi, na Bi Funguo pia, ingawa tuna mambo. Wasalimie wale wanafunzi wawili. Chura asisahaulike. Na yule fundi wako wa mapazia naomba umsalimie kwa namna utakayoona inafaa, maana mimi nimeanza sentensi hiyo mara sita nikaikata.

Ni mimi niliyebaki na nyumba nzima,

Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

N.B. Nilimpa jirani yangu fundi redio aisome barua hii kabla sijaifunga, atazame kama kuna kosa lolote la tahajia. Aliisoma polepole, amesimama mlangoni, akarudia ukurasa wa roshani mara mbili. Akanirudishia. "Mzee," akasema, "tahajia iko sawa. Ila anwani ndiyo umekosea."

Nimekaa nayo hapa mezani tangu asubuhi, na sioni pa kumpinga. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, hoteli isifungwe, mapazia yabaki, na madai yote kuanzia (a) nimeyafuta. Kwenye bahasha nimekata cheo chako, nikaandika jina lake. Nitaileta kesho kwa mkono, nitampa yeye, na nitakaa kwenye sofa yako ya springi mpaka amalize kuisoma, hata kama atachukua siku nzima.

Wewe usipoipata, ujue imefika.